Manowari gatini haijaahidi kitu: safari mbili za Enterprise

Aprili 2025 India na Tanzania ziliendesha mazoezi ya pamoja ya majeshi ya majini jijini Dar es Salaam na kuzialika nchi kadhaa za Afrika, na mjadala ulioibuka mitandaoni haukutofautiana sana na ule wa Julai na Agosti 2024, wanajeshi wa China walipokuja kufanya mazoezi na wenzao wa Tanzania na Msumbiji. Wapo walioziona manowari za wageni wakasema sasa bahari yetu imepata mlinzi, na wapo walioziona zilezile wakasema mkoloni amerudi na koti jipya. Mimi nilikuwa Feri siku moja kati ya siku hizo, pantoni imezuiwa ili meli ya kijivu ipite mlangoni mwa bandari, na mbele yangu muuza samaki mmoja, ndoo yake miguuni, alikuwa akihesabu mizinga kwa kidole. Alipofika wa mwisho akageuka akaniuliza, "Sasa hii, kaka, ikitokea la kutokea, itapiga kwa ajili yetu au kwa ajili ya nani?" Kabla sijajibu pantoni ikafika, tukasukumana kuingia.

Swali lake lilikuwa bora kuliko hoja nyingi nilizosoma baadaye, kwa sababu lilitoka kwenye idadi ya mizinga likaenda kwa mwenye mizinga. Hoja ninayoitetea hapa ni hii: manowari ya dola kubwa inayozunguka katika bahari ya watu wengine wakati wa amani haiwahakikishii wenyeji ulinzi, wala si ushahidi kwamba wanakaribia kuvamiwa. Inachofanya ni kumpa mwenye nayo uwezo wa kuamua baadaye, na uamuzi huo hufanyika katika mji wake mkuu kwa kupima faida na hasara yake yeye. Sijaona mfano unaolionyesha jambo hili waziwazi kuliko utumishi wa kruza nyepesi ya Uingereza (kruza ni manowari ya kasi ya ukubwa wa kati), HMS Enterprise, katika miaka kumi tangu ilipoingia kazini mwaka 1926, na hasa safari zake mbili: ya kwanza ilianzia hapa Dar es Salaam, ya pili Jibuti.

Najua kwamba msomaji wa Afrika Mashariki akisikia habari ya kruza nyepesi hukumbuka kwanza Königsberg ya Wajerumani, iliyoizamisha Pegasus ya Waingereza mbele ya mji wa Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika matawi ya mto Rufiji hadi mwisho wake ulipofika Julai 1915. Ni kisa kizuri, na watu wetu hawachoki kukisimulia. Lakini ni kisa cha vita, na vita ikishatangazwa kazi ya manowari haina utata: adui anajulikana na amri imekwisha kutolewa. Utata uko wakati wa amani, meli inapokuja kutia nanga, kupiga saluti na kualika wakubwa sitahani, kwa kuwa hapo kila anayeitazama humsomea mwenye nayo nia anayoitaka au anayoiogopa.

Enterprise iliundwa kwa ajili ya vita ambayo haikuiwahi. Iliagizwa mwaka 1918, Waingereza walipokuwa wakisikia kwamba Wajerumani wanaunda kruza za kasi kubwa, na ujenzi ukaanza Juni mwaka huohuo katika kiwanda cha John Brown kule Clydebank, Scotland. Novemba vita vikaisha. Meli ya tatu ya kundi hilo, iliyokuwa ipewe jina la Euphrates, ikafutwa. Enterprise na mwenziwe Emerald zikaachwa ziendelee kuundwa pole pole. Ilishushwa majini Desemba 1919, ikakokotwa hadi Devonport kumaliziwa, na haikuingia kazini hadi Aprili 1926, miaka minane tangu kuagizwa. Ilikuwa na urefu wa mita 173 na tani zaidi ya 7,500, mitambo ya nguvu za farasi 80,000, na mwendo wa maili 33 za baharini kwa saa. Ilibeba mizinga saba ya inchi 6. Miwili ya mbele iliwekwa pamoja ndani ya chumba kimoja cha chuma kinachozunguka, jaribio ambalo baadaye liliigwa katika kruza mpya zilizoifuata; mitano iliyobaki ilisimama mmoja mmoja, na kombora lake, lenye uzito unaokaribia mfuko wa saruji, liliingizwa mzingani na mabaharia kwa mikono, meli ikiwa inayumba.

Neno "nyepesi" katika jina la aina hii ya meli nalo linahitaji kuelezwa, kwa sababu limewapotosha wengi. Mkataba wa Washington wa 1922, wa kupunguza silaha za majini, ulisema kruza isizidi tani 10,000 na mizinga yake isizidi inchi 8, lakini haukuweka kikomo cha idadi. Mwaka 1927 mataifa makubwa yalikutana Geneva kujaribu kuweka kikomo hicho yakashindwana: Uingereza, yenye makoloni na njia za biashara kila pembe ya dunia, ilidai inahitaji kruza 70, Marekani ikakataa. Mkataba wa London wa 1930 ndio uliomaliza ubishi. Uingereza ilikubali kruza 50, tani 146,800 za aina nzito na tani 192,200 za aina nyepesi, na mpaka kati ya nzito na nyepesi ukawekwa kwenye upana wa mdomo wa mzinga: ukizidi inchi 6.1, meli ni nzito. Usipozidi, ni nyepesi, hata kama chuma chake kinakaribia tani 10,000, kama Wamarekani walivyofanya baadaye katika kruza zao za kundi la Brooklyn zenye mizinga 15. Uzito wa meli, kwa maneno mengine, uliamuliwa na wanadiplomasia na wala si na mizani. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba Enterprise "ilikuwa nyepesi tu" ili kueleza kwa nini haikufanya hiki au kile, bado hajaeleza kitu.

Meli hii iliyochorwa kwa ajili ya ukungu na baridi ya Bahari ya Kaskazini ilipelekwa kwenye joto letu. Iliwekwa katika Kikosi cha Nne cha Kruza, chini ya kamandi ya East Indies, ambayo makao yake yalikuwa Trincomalee katika kisiwa cha Ceylon, Sri Lanka ya leo, na eneo lake lilikuwa Bahari ya Hindi, Ghuba ya Uajemi na Bahari ya Shamu. Kamandi yenye bahari kubwa kiasi hicho ilikuwa na kruza chache sana pamoja na meli ndogo za doria. Kazi yake ya kila siku haikuwa kupigana bali kuonekana: kuingia bandarini, kupiga mizinga 17 kumsalimu gavana, kuvalisha mabaharia sare nyeupe, kucheza mpira na timu ya mji, kisha kung'oa nanga kwenda bandari inayofuata. Kwa Mwafrika au Mwarabu aliyesimama ufukoni, maonyesho hayo yalikuwa na ujumbe mmoja, kwamba Mwingereza anaweza kufika hapa wakati wowote, na ujumbe huo ulikuwa wa kweli. Ni sentensi ya pili, ile inayosema kwamba akifika atafanya jambo fulani, ambayo mtazamaji alijiongezea mwenyewe.

Safari ya kwanza ni ya mwaka 1928. Edward, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza, alikuwa Tanganyika kwa matembezi na uwindaji pale baba yake, Mfalme George wa Tano, alipougua vibaya mwishoni mwa Novemba. Simu za upepo zilimfuata hadi katikati ya nchi. Katibu wake, Alan Lascelles, aliandika baadaye kwamba mwana wa mfalme hakuamini alichosomewa, akadhani ni mbinu ya uchaguzi ya Waziri Mkuu Baldwin. Alipokubali, kila kitu kilikwenda mbio. Enterprise ilimchukua Dar es Salaam mwanzoni mwa Desemba, ikapanda Bahari ya Shamu, ikapita Mfereji wa Suez na kumshusha Brindisi, kusini mwa Italia, ambako Mussolini alikuwa amemwekea treni yake. Tarehe 11 Desemba alikuwa London. Zile nguvu za farasi 80,000 ambazo hazikuwahi kumfukuza Mjerumani yeyote katika Bahari ya Kaskazini hatimaye zilipata kazi ya haraka: kumwahisha mtoto kwa baba mgonjwa. Mfalme alipona, akaishi hadi Januari 1936. Ninachotaka tukione hapa ni kasi ya uamuzi. Uingereza ilipoona jambo linaihusu, bahari yote kati ya Dar es Salaam na Italia ilifupishwa ikawa safari ya siku chache.

Safari ya pili inahitaji maelezo ya nyuma. Tarehe 3 Oktoba 1935 majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia, nchi mwanachama wa Shirikisho la Mataifa, lililoutangulia Umoja wa Mataifa, kama ilivyokuwa Italia yenyewe. Ibara ya 16 ya katiba ya Shirikisho iliwataka wanachama wamkatie mvamizi biashara. Vikwazo viliwekwa kweli mwezi Novemba, lakini mafuta yaliachwa nje ya orodha, na Mfereji wa Suez ukaachwa wazi. Mamia ya maelfu ya askari wa Italia, malori yao, ndege zao na gesi yao ya sumu vilipita mferejini chini ya macho ya Waingereza waliokuwa na jeshi Misri, huku vikilipa ushuru kwa kampuni ya mfereji, ambayo asilimia 44 ya hisa zake zilikuwa mali ya serikali ya Uingereza. Desemba mawaziri wa mambo ya nje wa Uingereza na Ufaransa, Hoare na Laval, walikutwa wameandaa siri ya kumpa Mussolini sehemu kubwa ya Ethiopia. Wananchi wa Uingereza wakakasirika, Hoare akajiuzulu, lakini mfereji haukufungwa wala mafuta hayakuzuiwa. Machi 1936 jeshi la Mfalme Haile Selassie lilishindwa Maychew, na njia ya Addis Ababa ikawa wazi.

Alfajiri ya tarehe 2 Mei Mfalme alipanda treni Addis Ababa pamoja na familia na baadhi ya wakubwa wake, akashuka kwa reli hadi Jibuti ya Wafaransa, kwa kuwa Ethiopia wakati huo haikuwa na pwani. Tarehe 4 akapanda Enterprise. Tarehe 5 Waitalia wakaingia Addis Ababa. Tarehe 8 meli ikamshusha Haifa, Palestina, akaendelea kwa treni hadi Jerusalem. Ili kufika Haifa ilibidi Enterprise ipite katika Mfereji wa Suez, maji yaleyale ambayo wavamizi wake walikuwa wameyatumia miezi saba mfululizo. Na hakupandishwa bila sharti. Waziri wa mambo ya nje, Anthony Eden, alilieleza Bunge la Uingereza kwamba kwa muda wote Mfalme atakaokuwa akisafiri chini ya mwavuli wa serikali hiyo hatashiriki kwa namna yoyote kuendeleza mapigano. Baada ya Jerusalem, kruza nyingine nyepesi, Capetown, ilimpeleka hadi Gibraltar, na hapo akahamishiwa meli ya kawaida ya abiria, Orford, ili asiteremke Southampton kutoka kwenye manowari ya Kifalme na kulazimu mapokezi ya kitaifa. Mfalme wa Uingereza wakati huo alikuwa Edward wa Nane, yuleyule abiria wa 1928. Mawaziri walitamani ampokee mgeni Ikulu. Alikataa, akamtuma mdogo wake, Duke wa Gloucester, kwa niaba yake.

Nimelikalia jambo hili kwa muda mrefu na kila nikilirudia linanishangaza. Sitaha moja, kamandi moja, njia moja ya bahari. Mara ya kwanza meli ilitumwa kwa sababu mtu mmoja alikuwa anahitajika London. Mara ya pili ilitumwa kwa sababu mtu mmoja alikuwa hahitajiki kubaki alipokuwa. Hakuna kilichobadilika katika meli yenyewe isipokuwa kwamba kati ya safari hizo ilirudishwa Uingereza, ikafanyiwa matengenezo na kuwekewa mtambo wa kurushia ndege, kwa hiyo kama kuna lolote, mwaka 1936 ilikuwa na uwezo zaidi kuliko mwaka 1928.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya wanaoitetea Uingereza, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote, inapoanguka. Husemwa kwamba mikataba ya kupunguza silaha iliifunga mikono, kwamba kruza 50 zilikuwa chache na nyingine zilikwisha kuzeeka, na kwamba manowari kama Enterprise isingeweza kuizuia Italia. Ni kweli kwamba kruza moja isingeweza. Lakini hakuna aliyeiomba kruza moja ipigane na Italia. Kuzuia mafuta hakukuhitaji hata mzinga mmoja. Kulihitaji kura na saini. Mkalimani wa Hitler, Paul Schmidt, alisimulia kwamba Mussolini mwenyewe alikiri mwaka 1938 kuwa kama vikwazo vingegusa mafuta, angelazimika kuondoka Ethiopia ndani ya wiki moja. Hata tukimpunguzia Mussolini nusu ya maneno yake, kwa kuwa alikuwa mtu wa kujikweza, bado inabaki kwamba kilichopungua mwaka 1935 hakikuwa chuma.

Hoja ya pili ni nzito, na anayeipuuza hawatendei haki watu wa zama zile. Wakuu wa jeshi la majini la Uingereza hawakuwa na shaka sana kwamba wangeishinda Italia. Shaka yao ilikuwa nini kitabaki baada ya kushinda. Upande wa mashariki kulikuwa na Japani, iliyokwisha kuiteka Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, tangu 1931. Upande wa kaskazini kulikuwa na Ujerumani ya Hitler, iliyoingiza askari Rhineland, eneo la mpakani mwa Ufaransa ambako mikataba ilikataza jeshi, Machi 1936, Ethiopia ikiwa bado inapigana. Kila meli ambayo ingezamishwa katika Bahari ya Kati ingekosekana Singapore. Ufaransa nayo ilimhitaji Mussolini dhidi ya Hitler na haikutaka kumuudhi. Hoja hii ina mantiki, na mimi ningekuwa afisa wa London mwaka ule pengine ningeiandika vilevile. Lakini tuitazame inasema nini hasa: inasema kwamba meli zilizowekwa Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu hazikuwekwa kwa ajili ya Bahari ya Hindi na Bahari ya Shamu. Ziliwekwa pale kama akiba ya mahesabu makubwa zaidi, na wenyeji wa pwani hizo walikuwa mstari mmoja tu katika mahesabu hayo, mstari unaoweza kufutwa. Kwa hiyo hoja hii haiipingi hoja yangu, inaieleza. Na tusisahau, maana mahesabu yale hayakufanywa na malaika, kwamba mstari uliofutwa ulikuwa wa nchi ya watu weusi.

Kuna pia hoja ya sheria. Mkataba wa Constantinople wa 1888 ulisema Mfereji wa Suez utakuwa wazi wakati wa amani na wakati wa vita kwa meli zote bila kujali bendera, na wanasheria wa Uingereza waliushika kwa nguvu. Lakini Italia ilikwisha kuvunja katiba ya Shirikisho la Mataifa, na kulikuwa na nafasi ya kubishana kwamba wajibu mpya unatangulia wa zamani. Serikali inayotaka kufunga hutafuta ibara ya kufungia na serikali isiyotaka hutafuta ibara ya kutofungia. Vilevile tukumbuke kwamba katikati ya 1935 Uingereza ilizuia kuuza silaha kwa pande zote mbili, kana kwamba nchi yenye viwanda vya ndege na nchi isiyo na viwanda zilikuwa sawa.

Wale wa upande wa pili, wanaosema kila manowari ya kigeni ni mwanzo wa kutawaliwa, wana kumbukumbu nzito upande wao. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza, zikiongozwa na kruza St George, zililipiga jumba la Sultani Unguja kwa muda usiofika saa nzima, Khalid bin Barghash akakimbilia ubalozi wa Ujerumani, na mamia ya watu wakauawa au kujeruhiwa. Siyo historia ya kupuuzwa. Lakini ukiiweka 1896 pembeni mwa 1936, unaona jambo ambalo hoja ya "kila manowari ni uvamizi" haiwezi kulieleza: dola ileile, ikiwa na meli bora zaidi, ilifyatua mara moja pale maslahi yake yalipokuwa wazi na hasara ilikuwa ndogo, na haikufyatua kabisa pale ilipoona hasara ni kubwa. Meli za 1896 hazikuwa kali kuliko za 1936. Anayezitazama meli peke yake hawezi kutabiri lolote kati ya mawili hayo.

Haki itendeke pia kwa upande ulionyooka wa kisa hiki. Kumwokoa Haile Selassie halikuwa jambo dogo. Kama angekamatwa au kuuawa, asingesimama Geneva tarehe 30 Juni 1936 kueleza mbele ya dunia jinsi watu wake walivyomwagiwa gesi kutoka angani, na Ethiopia isingekuwa na mtawala halali wa kurudishwa. Italia ilipojiunga na vita upande wa Hitler tarehe 10 Juni 1940, London iligundua ghafla kwamba mgeni wake wa miaka minne alikuwa rafiki wa thamani. Hapo safari ikaanza upya kutoka kwetu: askari wa Afrika Mashariki, wa kikosi cha King's African Rifles, walitoka Kenya pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Afrika Magharibi, wakapita Kismayu, Mogadishu na Harar, na Addis Ababa ikatekwa tarehe 6 Aprili 1941. Mfalme akaingia mjini humo tarehe 5 Mei, miaka mitano kamili tangu Waitalia walipoingia. Mafuta ya Italia, mfereji, sheria ya 1888: vikwazo vyote vilivyoonekana havivukiki mwaka 1935 vilivukwa siku Mussolini alipotangaza vita dhidi ya Uingereza yenyewe. Enterprise ilipigana katika vita hivyo, ikauzwa Aprili 1946 ikakatwe chuma chakavu.

Turudi sasa kwenye bahari ya leo. Tangu Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walipoanza kuzishambulia meli za mizigo katika Bahari ya Shamu, manowari za Marekani, za Ulaya na za nchi nyingine zilimiminika huko, zikatungua makombora na droni nyingi, na mabaharia wengi wanadaiwa uhai wao kwa kazi hiyo. Hata hivyo kampuni kubwa za meli ziliendelea kuizunguka Afrika kupitia Rasi ya Tumaini Jema, na Misri ikasema mapato ya mfereji kwa mwaka 2024 yalishuka kwa zaidi ya asilimia 60. Jibuti peke yake ina kambi za Ufaransa, Marekani, Japani, Italia na China, ndani ya nchi ambayo mtu anaweza kuivuka kwa gari kwa siku moja. Kama wingi wa manowari ungekuwa ndio usalama, hakungekuwa na maji salama duniani kuliko yale. Wenye meli hizo walipima, kila mmoja kwa mizani yake, kwamba kulinda kwa kiasi fulani kunatosha na kwenda mbali zaidi kuna gharama wasiyoitaka. Huenda walipima sawasawa. Wenye shehena za Mombasa na Dar es Salaam hawakuwepo kwenye mizani.

Ndiyo maana nasema mjadala wetu kuhusu mazoezi ya pamoja umekaa upande usio wake. Tunabishana kama mgeni ni mwema au mbaya, jambo ambalo hata yeye mwenyewe hawezi kutuahidi kwa miaka kumi ijayo, badala ya kuuliza ni wajibu gani umeandikwa, nani ametia saini, na nini kitafanyika mmoja akikataa kutimiza. Kuna vitu vilivyoandikwa ambavyo havizungumzwi kabisa: Kanuni za Maadili za Jibuti za 2009 dhidi ya uharamia zilizaa vituo vya kupashana habari za usalama wa bahari, viwili kati yake vikiwa Mombasa na Dar es Salaam. Kenya ina kikosi chake cha walinzi wa pwani tangu 2018, na Zanzibar ina KMKM, kikosi chake maalumu cha kuzuia magendo, ambao huwa wa kwanza kufika mashua inapozama mkondoni. Shilingi inayowekwa kwenye boti za vyombo hivyo, kwenye rada na kwenye mafuta ya doria, inaamuliwa Nairobi, Dodoma na Unguja. Ni vyombo vidogo, havipendezi kwenye picha, na havina mwendo wa maili 33 kwa saa. Lakini muuza samaki wa Feri akiuliza vinapiga kwa ajili ya nani, jibu lake halihitaji kutafutwa London wala kwingineko.

Na kwa manowari za wageni, ambazo zitaendelea kuja na sioni sababu ya kuzikataa, kuna utaratibu mmoja wa mwaka 1936 unaofaa kuigwa. Sharti alilowekewa Haile Selassie kabla ya kupanda Enterprise tunalijua leo kwa sababu lilitamkwa bungeni na kuandikwa katika kumbukumbu za Bunge la Uingereza. Taarifa zetu za mazoezi ya pamoja mara nyingi huishia kwenye orodha ya nchi zilizoshiriki, majina ya wageni wa heshima na picha za saluti. Wabunge wa Tanzania na Kenya wana nafasi ya kuuliza kila mara manowari ya kigeni inapofunga kamba gatini: imekuja kwa makubaliano gani, askari wake wakikosea ufukoni watahukumiwa kwa sheria ya nani, taarifa zitakazokusanywa kuhusu maji yetu zitabaki kwa nani, na kama kuna jambo lolote ambalo sisi wenyeji tumekubali kutolifanya kwa muda wote wa ugeni huo.